Wateja wa Paskazia Hawahami

Mgodi wa Buzwagi ulipoacha kuchimba, malori ya kuhamisha vyombo yalipishana Kahama mchana kutwa, na kila mwenye mdomo alikuja kumwambia Paskazia kwamba kazi yake imekwisha. Wa kwanza alikuwa fundi wa madirisha ya alumini, ambaye siku nyingi alikuwa anakitamani chumba chake cha kazi. Wa pili alikuwa shemeji yake, aliyemshauri akaange chipsi. Wa tatu alikuwa Urvi, mwenye duka la vioo lililoanzishwa na babu yake Champaklal, na yeye angalau alimkaribisha chai kwanza.

"Dada Paskazia, watu wako wamekwenda Geita, wamekwenda Mwanza, wengine Dar," Urvi alisema. "Mtu akishahama ananunua fremu ya plastiki hukohuko aliko. Mimi ninazo, zinatoka China. Nikupe uuze?"

"Wamehama wao," Paskazia akamjibu. "Kuta zao nimezijaza mimi."

Hakuwa anajisifu, ingawa kujisifu nako anakujua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewatengenezea watu wa mgodini na wa mjini fremu za picha, kila nyumba kwa mtindo wake. Hawa mninga mwembamba usiopakwa rangi, wale mtiki mpana wenye mfereji katikati. Nyumba ikishachagua, Paskazia alikata kipande cha mbao hiyo chenye urefu wa kiganja, akaandika nyuma kwa penseli jina la familia na vipimo, akakitundika msumarini. Picha ya pili ikija baada ya miaka mitatu, iwe ya ubatizo au ya mahafali, fremu yake ilifanana na ya kwanza kama watoto wa tumbo moja. Hakuna kilichomuudhi duniani kama kuingia sebuleni kwa mtu akakuta ukutani fremu mbili zisizojuana.

Kwa hiyo watu walipohama, vile vipande vilibaki msumarini, na Paskazia alikataa katakata kutupa hata kimoja. Akaanza kuwafuata wenyewe kwa simu. Wala hakuwa anabembeleza. "Mtoto si anapata Komunyo mwaka huu?" alikuwa anasema. "Mbao yenu ninayo, leteni picha." Picha zikaja kwa WhatsApp, akazisafishia studio ya jirani, akapiga fremu, akazipeleka stendi. Vioo vitatu vya mwanzo vilivunjika njiani na mawakala wa mizigo wakamcheka. Paskazia akanunua godoro kuukuu, akalikata vipande, na tangu siku hiyo kila fremu ilisafiri ikiwa imelazwa katikati ya sponji mbili na kufungwa kamba za mpira. Mawakala wakaacha kucheka, wakaanza kumwagiza sponji za kufungia televisheni zao.

Aliyemfungulia njia ya Geita alikuwa Theonest, zamani fundi wa mitambo Buzwagi. Mgodi ulipofungwa alihamia Rwamgasa, akafungua gereji ya kutengeneza makarasha, zile mashine ambazo wachimbaji wadogo wanasagia mawe ya dhahabu. Mkewe Loveness, ambaye wote humwita Mama Eliya, si mtu wa kuwa na kitu kizuri akanyamaza nacho. Aliweka picha ya ukuta wake kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Kahama waliohamia Geita, na nyumba kumi na moja zikamrudia Paskazia. Hizo kumi na moja ndizo zilizokuwa zinamweka mjini. Zikiondoka, fundi wa alumini angeingia chumbani mwake kabla ya mvua za kwanza. Paskazia alilijua hilo, na Urvi aliyekuwa akimkatia vioo alilijua pia.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa tisa ukaja ujumbe wa Theonest, ambaye kama wateja wengine humwita Paskazia Mama George. "Mama George, mtengenezee fremu mzee wangu. Iwe kubwa. Ifike Ijumaa, Jumamosi padri anakuja na watu watakuwa wengi. Usituangushe." Chini yake kulikuwa na picha ya Mzee Bujiku, baba yake Theonest, amekaa wima mbele ya ukuta mweupe, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, hacheki.

Paskazia akashika kifua. Hakuwahi kuonana na mzee huyo, ila alijua anaishi kijijini upande wa Ushirombo na kwamba amevuka themanini. Mzee, picha kubwa, haraka, padri, umati wa watu, Jumamosi. Nani angehitaji kuambiwa zaidi? Alimpigia Theonest kumpa pole na simu ikaita mpaka ikakatika, maana makarasha yakishaanza kuunguruma kule mtu hasikii hata jina lake. Kuuliza kwa maandishi hakuweza. Humwandikii mtu, "Kwani mzee amefariki?" ukalala usingizi. Akafanya lile analofanya kwa kila nyumba yenye msiba, bila kuombwa wala kudai nyongeza: aliiacha mbao ya familia, akachukua nyeusi, na juu katikati akabandika msalaba mdogo aliouchonga kwa mkono wake. Ndani ya sponji akachomeka bahasha ya rambirambi, juu yake ameandika: "Kutoka kwa fundi wenu, Mama George. Mungu awatie nguvu."

Kumbe padri alikuwa anakuja kubariki nyumba. Theonest alikuwa amemaliza kujenga, amewaleta wazazi wake kutoka kijijini waje kuishi naye, na alitaka picha ya baba yake iwe ya kwanza kutundikwa, mzee mwenyewe akiwa kwenye kiti cha mbele anatazama. Mzigo ulifika, ukawekwa bila kufunguliwa ili iwe sherehe. Ulifunguliwa Jumamosi saa nne asubuhi mbele ya padri, kwaya na majirani. Bahasha ndiyo iliyosomwa kwanza.

Saa nne na robo simu ya Paskazia iliita.

"Umemuua baba mkwe wangu mbele ya padri!" Mama Eliya alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake kuna mtu analia. "Shangazi zake Theonest wametoka nje, hawataki kuingia tena ndani. Unajua wanavyosema? Wanasema umetumwa!"

"Mama Eliya, nilidhani..."

"Ulidhani! Usituletee tena kitu chako hapa. Hata ubao mtupu usituletee."

Kabla ya saa sita ile fremu nyeusi ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp, msalaba juu. Jioni nyumba nne zilishaandika kwamba hazitaagiza tena, na mama mmoja kati yao, wa Katoro, akaomba kipande chake cha mbao kichomwe moto, kwa usalama wa watoto. Wengine saba walikaa kimya, na kimya chao kilimuumiza Paskazia kuliko maneno ya wale wanne. Alijua wanachosubiri. Walikuwa wanamsubiri Theonest aseme neno la mwisho, na akilisema, basi.

Alikwenda dukani kwa Urvi na simu mkononi. Urvi alisoma, akaziba mdomo, akashindwa, akacheka mpaka machozi, halafu akaomba radhi kwa kucheka.

"Tengeneza nyingine, itume bure, andika samahani, nyamaza," alisema. "Itapoa. Na isipopoa, zile za plastiki bado zipo."

"Nikinyamaza ndipo watakapoamini nimetumwa. Nikatie kioo cha akiba, kipimo kilekile. Nakwenda mwenyewe."

"Unakwenda Rwamgasa? Wakiwa wamekasirika hivyo? Watu wa machimboni hawana simile, dada."

"Kwani mimi ninayo?"

Urvi akamkatia kioo.

Jumatatu alfajiri Paskazia alipanda basi na begi la vifaa: msumeno, kisanduku cha kukatia kona, nyundo ndogo, gundi, misumari, mbao za mninga zilizofungwa kwa khanga, na kioo katikati ya sponji zake, amekipakata. Konda alitaka kukitupia kwenye buti. Waliangaliana kidogo, na kioo kikabaki mapajani. Kutoka Kahama mpaka Ushirombo alikuwa anapanga maneno ya kuomba radhi, na yalikuwa maneno mazuri, ya unyenyekevu, hata yeye yalimgusa. Baada ya Ushirombo hasira ikaanza kumpanda. Mwanzoni alidhani ni hasira ya mashangazi na hilo neno lao la kutumwa. Lakini ilikuwa hasira ya zamani zaidi, ya miaka, ambayo hakuwahi kukaa akaipa jina, na aliposhuka Katoro kutafuta bodaboda ya kwenda Rwamgasa ilikuwa imeshapata maneno yake. Yale ya kuomba radhi yalikuwa yamebaki machache tu.

Nyumba ya Theonest ilikuwa na bati la bluu na bado inanuka rangi. Fremu nyeusi ilikuwa nje, imeegeshwa kwenye lundo la kuni, uso wa mzee umegeuziwa kwenye kuni. Mtoto aliyekuwa anacheza karibu aliitwa kwa ukali akae mbali. Theonest alitoka mlangoni amekunja mikono.

"Mama George. Ungepiga simu kwanza."

"Nilipiga Jumatano hukupokea. Ndiyo maana tupo hapa."

Theonest alimtazama, akatazama begi, akatazama vumbi la njia nzima lililomjaa mpaka kwenye kope. Mtu aliyetoka Kahama humfukuzi mlangoni. Theonest akasogea pembeni.

Mzee Bujiku alikuwa barazani kwenye kiti cha mikono, fimbo katikati ya magoti, amevaa koti lilelile la kwenye picha. Mama Eliya alisimama nyuma yake pamoja na shangazi mmoja, na nyuso zao hazikuwa za kukaribisha mgeni. Paskazia alitua begi, akapiga magoti kama alivyofundishwa na mama yake.

"Shikamoo baba."

Mzee aliinamia fimbo kumtazama usoni, ndipo akaijibu.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenizika?"

"Ni mimi, baba."

"Na sanda ulininunulia?"

"Hapana, baba. Fremu tu."

Shangazi alisonya. Mzee akagonga sakafu kwa fimbo ili anyamaze.

"Nani alikwambia nimekufa, mayu?" akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hakuna aliyeniambia. Nilidhani mwenyewe, na kwa hilo naomba unisamehe, baba. Nakuomba wewe." Paskazia akainuka, akapangusa magoti. "Lakini nitasema kwa nini nilidhani."

"Kwani una la kusema?" Mama Eliya akauliza.

"Ninalo. Zaidi ya miaka kumi na tisa nipo kwenye kazi hii. Wazee niliowatengenezea fremu sijui hata idadi yao. Hakuna mmoja wao aliyeiona fremu yake. Hata mmoja! Mnaniletea kitambulisho cha kura kimekunjika katikati. Mnaniletea picha ya harusi ya watu wengine, mzee yupo nyuma kabisa, ameshika sahani, mnaniambia, fundi, mkate hapo kichwa, mkuze, jeneza linafika saa saba. Namkuza mpaka uso unakuwa ukungu mtupu. Halafu mnalia msibani kwamba hamna picha yake nzuri. Kwa nini hamna? Si alikuwa anakaa nanyi humu humu? Theonest, wewe ni mtu wa kwanza, nasema wa kwanza, kuniagizia fremu ya mzee anayepumua. Ningejuaje?"

Ng'ambo ya barabara karasha lilikuwa linasaga.

"Umetoka Kahama kuja kutusema nyumbani kwetu?" Mama Eliya alikuja juu.

"Nawasema, ndiyo. Ukuta wenu nimeujaza mimi, naujua kuliko nyie." Mlango ulikuwa wazi na sebule inaonekana, picha zimeshahamishiwa humo kutoka nyumba ya kupanga. Paskazia alizinyooshea kidole moja moja. "Eliya amehitimu chekechea, picha tatu, joho na kofia. Theonest na helmeti ya mgodini. Harusi yenu. Dada yenu, Mungu amrehemu, ile nyeusi. Haya, Theonest, mama aliyekuzaa yuko fremu ipi hapo? Nionyeshe, maana mimi sikumbuki kumpigia misumari."

Alipomaliza ndipo alipoogopa. Alikuwa amekuja kuokoa nyumba kumi na moja, na sasa amesimama kwenye baraza la watu anawahesabia makosa, tena mbele ya shangazi. Alimwona Theonest anatazama ukuta wake kama mtu anayetafuta ufunguo alioupoteza. Aliona taya la Mama Eliya linavyokaza. Akajisemea kwamba amekwisha kweli safari hii, na kwamba hata hivyo hafuti hata neno moja.

"Mimi nipo kwenye kitambulisho," sauti ikasema kutoka jikoni. "Nimefumba jicho moja."

Alikuwa Sesilia, mke wa Bujiku, mama yake Theonest, bibi mfupi anayejifuta mikono kwa kitenge. Alikuwa amesikia yote. Wa kwanza kucheka alikuwa mzee, akacheka mpaka akakohoa, na mwanawe ikabidi ampige mgongoni.

"Nileteeni hiyo nyeusi," Bujiku alisema alipopata pumzi.

Walisitasita. Shangazi alifanya ishara ya msalaba.

"Mkiogopa nitaifuata mwenyewe."

Theonest akaenda kwenye kuni, akairudisha, akaifuta vumbi kwa kiganja. Mzee aliishika kwa mikono miwili akajitazama kwa muda, kwa karibu, kisha kwa mbali.

"Msalaba umechongwa vizuri," alisema. "Ila bado. Uutoe, mayu, uniwekee ya wenye nyumba."

Paskazia alifanya kazi palepale uani. Aling'oa misumari, akavunja ile nyeusi, akachomoa begini kipande cha familia ya Theonest chenye miaka kumi na mbili ya jasho la vidole vyake, akakiweka mbele ya macho na kukata mninga mpya sawasawa nacho. Watoto waliokuwa wamekatazwa kusogea walisogea, na safari hii hakuna aliyewaita. Kioo cha zamani kilikuwa na mkwaruzo wa kuni, akaweka cha Urvi. Mama Eliya alimletea chai, akaiweka chini, akaondoka, akarudi na chapati mbili, akaondoka tena. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha, na Paskazia alielewa.

Fremu ilitundikwa saa tisa alasiri. Mzee Bujiku aliketi chini yake, na mara mbili alipinda shingo kuangalia kama bado yupo.

Theonest alikuwa ametoa simu. Paskazia, anayekusanya vumbi la mbao uani, alimwona anaandika kwa kidole kimoja, anafuta, anaandika tena, akajua ni kwenye lile kundi, akaacha kufagia. Hilo ndilo neno lenyewe ambalo wale saba walikuwa wanalisubiri.

"Nisome?" Theonest aliuliza.

"Soma."

"Fundi wetu yupo kwangu Rwamgasa mpaka keshokutwa. Mwenye mzazi aliye hai, amlete."

Hapakuwa na samahani humo, wala Paskazia hakuitafuta. Mama Eliya alimpokonya mumewe simu, akaongeza mstari wake kwa kishindo cha vidole, akausoma mwenyewe kwa sauti: "Na asije na kitambulisho." Halafu akakaa chini kwenye ngazi, kwa sababu alikuwa amekumbuka jambo. "Mama yangu yuko Katoro," alisema taratibu. "Sina hata picha yake moja. Kesho namfuata."

Ndani, Sesilia alikuwa ameshabadilisha nguo. Alitoka na kitenge kipya na kilemba cha kanisani, akakokota stuli mpaka kwenye ukuta mweupe, hakukubali kusaidiwa, akaketi. Paskazia alisimama mbele yake na simu, akarudi nyuma hatua moja kupata mabega.

"Cheka kidogo, mama."

"Nicheke nini?" Sesilia akanyoosha mgongo. "Na usinipige nikiwa nimetazama pembeni. Nataka hao wakikaa hapo kula chakula changu, wajue ninawaona."

Paskazia akapiga.